Mwana wa mwalimu aliyenunua kasri lililomtisha mama yake

MWAKA wa 1941, Ufaransa ikiwa imeshindwa vitani na Wajerumani, mtengenezaji filamu mmoja wa umri wa miaka 46 alinunua kasri kuukuu pembeni mwa mji wa Marseille. Hakwenda hata kulitazama. Alichohitaji ni uwanja mpana na majumba, apate mahali pa kujenga mji wa sinema kusini mwa nchi hiyo. Basi akatuma watu wakamtafutia, wakapata, akalipa.

Siku alipokwenda kuiona mali yake alitembea ndani ya shamba mpaka akafika penye mfereji wa maji. Hapo palikuwa na ukuta, na katika ukuta palikuwa na mlango mdogo wa mbao uliooza. Mlango huo aliujua. Alikuwa amesimama mbele yake akiwa mtoto, na mama yake kando akitetemeka kwa hofu.

Mwanamume huyo ni Marcel Pagnol. Huenda jina lake likawa geni kwa baadhi ya wasomaji wetu, lakini aliyewahi kutazama filamu ya Jean de Florette, ile ya mtu wa mjini anayerithi shamba huku majirani wamemzibia chemchemi, ameonja kazi ya mikono yake. Aliandika tamthilia, akaelekeza filamu, akamiliki studio, na alipokaribia uzee akaanza kuandika vitabu ambavyo hadi leo watoto wa shule Ufaransa huvisoma.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1895 katika mji mdogo wa Aubagne, karibu na Marseille. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walionyesha sinema mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio, mjini Paris. Ukoo huo ulikuwa na nyumba La Ciotat, mwendo mfupi tu kutoka Aubagne, na ile filamu yao mashuhuri ya garimoshi likiingia kituoni ilipigwa papo hapo La Ciotat. Kwa hivyo Pagnol na sinema ni marika, tena majirani.

Baba yake, Joseph, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mama yake, Augustine, alikuwa mshonaji nguo. Pagnol husimulia kwamba mama alipokwenda sokoni alikuwa akimwacha mtoto huyo nyuma ya darasa la babake. Siku moja mwalimu akawaandikia wanafunzi ubaoni sentensi iliyosema kuwa mama fulani amemwadhibu mwanawe mtundu. Kutoka nyuma ya darasa sauti ndogo ikapinga: si kweli, yeye hajaadhibiwa! Mwalimu akageuka, akabaki kinywa wazi. Hakuna aliyekuwa amemfundisha mtoto huyo kusoma. Badala ya kushangilia, mama alishtuka, akaogopa ubongo wa mwanawe usije ukapasuka kwa kazi nyingi, akampiga marufuku kugusa vitabu mpaka afikishe miaka sita.

Mwandishi wa riwaya akisimulia utoto wake, msomaji mwerevu huacha nafasi ya chumvi kidogo. Lakini chumvi ya Pagnol ni tamu, na hii ndiyo iliyomfanya apendwe.

Mlango wa mfereji

Tangu mwaka wa 1904 jamaa hiyo ilikuwa ikikodi nyumba ya likizo karibu na kijiji cha La Treille, milimani nje ya Marseille. Huko ndiko Marcel alikokutana na rafiki yake Lili, mvulana wa kijijini aliyejua kila mtego wa ndege na kila chemchemi iliyofichika. Chemchemi katika milima hiyo mikavu ni siri ya familia. Baba humwonyesha mwanawe, na wengine hufa na siri hiyo bila ya kuifungua.

Shida ilikuwa safari. Pale tramu ilipoishia, mwalimu na mkewe na watoto walilazimika kutembea kilomita kadhaa wakiwa wamejitwika mizigo, kwa sababu barabara ilizunguka mashamba makubwa ya matajiri. Siku moja wakakutana na Bouzigue, mwanafunzi wa zamani wa Joseph, aliyekuwa na kazi ya kukagua mfereji uliopita katikati ya mashamba hayo. Akamkabidhi mwalimu wake ufunguo wa milango yote. Njia ikawa fupi mno.

Lakini kumbuka Joseph alikuwa mwalimu wa serikali, mtu wa kufuata sheria hadi koma ya mwisho. Kila mlango alioufungua ulimchoma dhamiri. Mkewe ndiye aliyeogopa zaidi, hasa kasri la mwisho, lililokuwa na mlinzi na mbwa mkali. Na kweli, siku moja mlinzi huyo akawanasa. Akawafungulisha mizigo mmoja mmoja kama wezi, akamtishia Joseph kwamba atamshtaki. Kwa mwalimu hilo lilimaanisha kazi kuota mbawa. Mama akazimia.

Bouzigue na wenzake ndio waliowaokoa. Walimwendea mlinzi wakamwuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kufunga mlango wa mfereji wa umma kwa mnyororo na kufuli. Mlinzi akanywea, akatoa karatasi ya mashtaka, mambo yakaishia hapo. Hata hivyo, mama hakupata muda mrefu wa kuisahau siku ile. Augustine alifariki mwezi wa Juni 1910, akiwa na miaka 36. Marcel alikuwa na miaka 15.

Sasa msomaji anaelewa ni kwa nini, miaka zaidi ya 30 baadaye, tajiri yule alipofika mbele ya mlango uliooza aliokota jiwe kubwa akaurushia. Mbao zikaanguka.

Mwalimu aliyekataa kubadilisha alama

Pagnol alifuata nyayo za babake, akawa mwalimu wa Kiingereza katika miji ya kusini. Mwaka wa 1922 alihamishiwa shule ya Condorcet, Paris. Mchana alifundisha, usiku aliandika tamthilia. Mwaka wa 1927 akaacha chaki.

Mwaka uliofuata mchezo wake Topaze ulionyeshwa Paris ukafurika watu. Topaze ni mwalimu maskini, mwaminifu kupita kiasi, anayefukuzwa kazi kwa sababu amekataa kuongeza alama za mtoto wa mama mmoja tajiri. Kisha anaangukia mikononi mwa diwani mla rushwa anayehitaji mtu mwenye sura ya uaminifu wa kumtilia sahihi mikataba bandia. Mwalimu anapogundua anatumiwa, karibu awe mwendawazimu. Halafu anajifunza. Mwishowe anampiku diwani mwenyewe kwa ujanja, na ile heshima aliyonyimwa alipokuwa mwaminifu inamjia mbio sasa akiwa mwizi. Msomaji asiniulize ni wapi kwingine mambo kama hayo hutokea. Hadithi hiyo imegeuzwa filamu mara kadhaa, Ufaransa na kwingineko. Hollywood iliitengeneza mwaka wa 1933, na Pagnol mwenyewe aliipiga mara mbili, mwaka wa 1936 na 1951.

Machi 1929 ukafuata mchezo wa Marius, na huu ndio uliompa jina lisilofutika. Yote hutukia katika baa moja kwenye bandari ya Marseille. Mwenye baa ni César, mzee mwenye kelele na moyo laini. Mwanawe, Marius, anampenda Fanny, msichana auzaye chaza na kombe nje ya baa, lakini bahari inamwita. Anapanda meli na kwenda zake. Fanny amebaki na mimba, naye Panisse, mzee mjane mwenye duka la matanga, anajitolea kumwoa na kumlea mtoto kama wake. Marius anaporudi kudai kilicho chake, babake mzazi ndiye anayemzuia mlangoni. Nani baba wa mtoto: aliyemzaa ama aliyekesha naye alipougua? Pagnol aliihitaji michezo mitatu kulijibu swali hilo, Marius, Fanny na César. Huu wa tatu aliuandika moja kwa moja kwa ajili ya filamu.

Kuna onyesho moja la kucheza karata ambalo Wafaransa wanalijua kwa moyo. César anataka mwenzake atupe kopa, lakini si ruhusa kumwambia. Basi anaanza kulalamika kwa uchungu kwamba rafiki huyo anamvunja moyo, moyo, moyo wake. Rafiki hang'amui kitu. Mzee anazidi kuguna na kujishika kifua, mpaka ukumbi mzima umeshaelewa isipokuwa anayehitaji kuelewa.

Sinema yapata ulimi

Pagnol alikwenda London akatazama filamu yenye sauti. Alirudi amepagawa. Akaandika gazetini kwamba tamthilia imepata chombo kipya. Pande zote mbili zikamrukia. Watu wa jukwaani walisema amewasaliti. Watu wa sinema, waliokuwa wamezoea filamu za kimya, wakasema huyu ni mtu wa maneno anayetaka kuharibu sanaa ya picha.

Yeye hakuona haya kuwa mtu wa maneno. Kampuni ya Marekani ya Paramount, iliyokuwa na studio Joinville karibu na Paris, ilipotaka kuitengeneza Marius, alishikilia kwamba waigizaji wawe walewale wa jukwaani: Raimu awe César, Pierre Fresnay awe Marius, Orane Demazis awe Fanny. Alexander Korda akaielekeza, ikatoka mwaka wa 1931, na watu wakapanga foleni.

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa Pagnol. Enzi hiyo lafudhi ya Marseille ilikuwa kichekesho Paris, lafudhi ya kumpa mpishi ama mlevi katika mchezo. Pagnol aliwafanya watu wenye lafudhi hiyo wapende, waombolezwe, wakosee na kusameheana, nao watazamaji wa Paris wakalia pamoja nao. Mtu aliyewahi kuchekwa darasani kwa jinsi anavyotamka maneno atajua hilo si jambo dogo.

Hakupenda kuomba ruhusa ya mtu. Pesa zilipoingia alianzisha kampuni yake, akajenga studio Marseille, akawa na maabara yake ya kusafishia filamu na wasambazaji wake. Wakati wengine walikuwa wakichora milima kwenye vitambaa, yeye alibeba kamera na gari la kunasia sauti akapanda milima ya utoto wake. Filamu za Jofroi na Angèle zilipigwa nje, kwenye jua halisi. Kwa ajili ya Regain, ya mwaka wa 1937, rafiki yake mwashi alijenga magofu ya kijiji kizima juu ya mlima. Waliofanya kazi naye wamesimulia kwamba mara nyingi onyesho likipigwa yeye hakuwa kando ya kamera. Alikuwa ndani ya gari la sauti, akisikiliza. Maneno yakisikika vizuri, aliamini picha nayo iko sawa.

Wataalamu wa sinema walimdharau kwa hilo miaka mingi, wakisema anapiga picha za jukwaani tu. Lakini mwaka wa 1935 Jean Renoir alipotengeneza Toni, filamu inayosifiwa kwa uhalisi wake, alitumia vifaa na mafundi wa Pagnol.

Ukinibana nichague filamu yake moja, nitachagua La Femme du boulanger ya mwaka wa 1938, yaani mke wa mwoka mikate. Mwoka mikate mpya amefika kijijini na mke mrembo aliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Mke anatoroka na mchunga kondoo. Mwoka mikate anagoma kuwasha tanuri: mke asiporudi, hakuna mkate. Basi kijiji ambacho jana kilikuwa kimegawanyika, padri na mwalimu hawapatani, majirani hawasalimiani, kinalazimika kushirikiana kumtafuta mwanamke mmoja. Anaporudi, mume hamgombezi hata kidogo. Anamgombeza paka jike wake aliyemwacha paka dume nyumbani peke yake. Raimu, katika onyesho hilo, anavunja mawe. Orson Welles alikuwa mmoja wa waliomvulia kofia, na mwaka wa 1940 wahakiki wa New York waliichagua kuwa filamu bora kutoka nchi za kigeni.

Kisha vita. Ule mji wa sinema kwenye kasri haukujengwa. Wajerumani walikuwa na kampuni yao ya filamu Ufaransa, nayo ilimtaka Pagnol. Aliiharibu kwa mkono wake filamu aliyokuwa ameianza, La Prière aux étoiles, ili wasiipate, na mwaka wa 1942 akauza studio zake.

Amani iliporudi alimwoa mwigizaji Jacqueline Bouvier, Oktoba 1945. Aprili 1946 alichaguliwa kuingia Akademia ya Ufaransa, baraza la watu 40 wanaoilinda lugha ya Kifaransa, akiwa mtengenezaji filamu wa kwanza kabisa kukalia kiti humo. Miezi mitano baadaye Raimu akafariki.

Chemchemi iliyozibwa

Mwaka wa 1952 Pagnol alirudi milimani kupiga Manon des sources, Jacqueline akiwa Manon, msichana mchunga mbuzi. Ilikuwa filamu ya zaidi ya saa tatu. Miaka miwili baadaye msiba ulibisha hodi: binti yao Estelle alifariki akiwa bado mtoto mdogo. Filamu ya mwisho ya Pagnol katika majumba ya sinema ilitoka mwaka huohuo wa 1954.

Akageukia vitabu. Kisa cha utoto alichokiandikia jarida la Elle kilirefuka mpaka kikawa La Gloire de mon père, kilichotoka mwaka wa 1957, akafuatisha Le Château de ma mère, kitabu chenye kisa cha kasri na mfereji. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, na mara akawa mwandishi wa familia nzima.

Halafu akafanya kinyume cha wenzake. Kwa kawaida riwaya ndiyo hugeuzwa filamu. Yeye alichukua filamu yake ya Manon akaigeuza riwaya, mwanzoni mwa miaka ya 1960, tena akarudi nyuma kusimulia kikamilifu habari za baba ya Manon, ambaye katika filamu alitajwa tu kwa mdomo. Huyo ndiye Jean de Florette, mkusanyaji kodi mwenye kibiongo, aliyejaa vitabu na matumaini. Mzee Soubeyran na mpwa wake Ugolin wanalitaka shamba lake ili wapande maua ya kuuza. Wanaziba chemchemi kwa simiti kabla hajafika, kisha wanamtazama, wakitabasamu na kumsalimia, akibeba maji kutoka mbali siku baada ya siku hadi anapokufa.

Kinachoumiza si ubaya wa hao wawili. Ni kwamba wanakijiji walijua. Hakuna aliyesema, kwa kuwa ya jirani hayamhusu mtu, tena Jean hakuwa wa pale. Mkazi yeyote wa mtaa ambao maji hukatika huku wachache wakijua nani amefunga bomba atakisoma kitabu hiki kwa kasi. Manon akiwa mtu mzima anagundua maji ya kijiji yanakotoka, na zamu yake ya kuziba inafika. Adhabu ya mzee Soubeyran ni nzito zaidi, nami sitamharibia uhondo ambaye hajafika huko.

Claude Berri aliitengeneza riwaya hiyo kuwa filamu mbili mwaka wa 1986, na Yves Montand, Gérard Depardieu, Daniel Auteuil na Emmanuelle Béart. Ya kwanza peke yake iliuza tikiti zaidi ya milioni 7 nchini Ufaransa. Mwaka wa 1990 Yves Robert akavipeleka kwenye sinema vile vitabu viwili vya utoto. Auteuil naye, aliyeigiza Ugolin, alikua akawa mwelekezaji, na mwaka wa 2013 akatoa Marius na Fanny upya.

Pagnol hakuyaona hayo. Alifariki mjini Paris tarehe 18 Aprili 1974, akazikwa La Treille, katika kaburi moja na mama yake na Estelle. Juu yake imeandikwa kwa Kilatini kwamba alipenda chemchemi, marafiki na mkewe. Katika makaburi hayohayo amelala Lili, aliyeuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Julai 1918. Jacqueline aliwafuata mwaka wa 2016, akiwa na miaka 95.

Na lile kasri? Lilikaa miaka mingi likiwa gofu. Mwaka wa 2011 mji wa Marseille ulilifungua tena, limekarabatiwa kuwa nyumba ya sinema, na watu wakanunua tikiti na kuingia kwa mlango wa mbele.